Darasa si Ghala

Asubuhi hiyo Fundi Timazi hakukaa kunywa chai yake. Aliinywa akizunguka meza, kikombe mkononi, huku akiimba. Watu walimwita Timazi, kama ile kamba ya mafundi ya kunyooshea kuta, kwa sababu kuta zake hazikuwahi kupinda. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

"Baba watoto, kaa chini. Utamwagia chai nguo za watu," alisema mkewe. Yeye alikuwa kwenye cherehani, akishona sare za shule.

"Nitakaaje, mke wangu? Leo kamati ya shule inapitisha ramani. Kesho tunachimba msingi. Madarasa mapya! Na mjenzi ni mimi!"

Binti yao aliyekuwa darasa la tatu aliinua kichwa. Nyumbani walimwita Bi Maswali, na sababu mtaiona wenyewe.

"Baba, mimi nitasoma humo?"

"Humo humo, mwanangu. Darasa lililojengwa na baba yako!"

"Lina madirisha?"

"Lina."

"Makubwa?"

Fundi alikohoa kidogo. "Ni imara," alijibu.

"Sijauliza kama ni imara, baba. Nimeuliza kama ni makubwa."

Mama yake alicheka mpaka akakosea mshono. Fundi alivaa kofia yake akatoka.

Ukweli ni kwamba Fundi Timazi alikuwa na ramani moja tu moyoni mwake. Mwaka uliopita alimjengea mfanyabiashara wa nafaka ghala la mahindi. Lilikuwa na kuta nene, na madirisha madogo yenye nondo juu kabisa. Mlango ulikuwa mmoja, mzito, wa kufungukia ndani. Mwizi hapiti, panya hapiti. Sasa, yule mwenye ghala ndiye alikuwa Mwenyekiti wa kamati ya shule. Alipoulizwa darasa liweje, hakufikiri mara mbili.

"Lijengwe kama ghala langu!" alisema. Kamati nzima ikapiga makofi, na Fundi kichwa kikamvimba.

Asubuhi hiyo Fundi na kamati walipofika shuleni walimkuta mgeni. Mwalimu Mkuu alikuwa amemwalika mchoraji ramani kutoka ofisi ya ujenzi. Alikuwa mwanamke kijana, viatu vyake vimejaa vumbi, mfuko wa kamba begani.

"Karibu, binti," alisema Mwenyekiti. "Hapa kazi imekwisha. Wewe tugongee muhuri tu."

Mchoraji aliitazama ile ramani kwa muda. Kisha akatabasamu.

"Mzee wangu, ghala lako lina mzigo sasa hivi?"

"Ni tupu. Mavuno bado."

"Basi nina ombi. Darasa la tatu lisomee humo leo, na sisi tukae nalo."

Watu walitazamana. Hawakuwahi kusikia jambo kama hilo. Lakini nani angekataa? Madawati yalibebwa, ubao ukabebwa, watoto wakapanga mstari wakiimba. Wazazi waliokuwa njiani waliacha safari zao wakafuata, na mke wa Fundi naye akaacha cherehani. Fundi alitangulia mbele, kifua kimejaa. Leo kila mtu ataiona kazi yake!

Waliingia. Mwalimu wa darasa la tatu akaandika sentensi ubaoni.

"Someni wote," alisema.

Waliokaa mbele walisoma kwa sauti. Wa katikati walifinya macho. Kwa nyuma, kimya.

"Mwalimu, umeshaandika?" aliuliza Bi Maswali kutoka dawati la mwisho.

Watoto walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Hakuona kitu. Joto nalo lilianza kupanda, na jasho likawatiririka watu wazima kwa watoto. Mchoraji akatoka nje. Mara bati likaanza kulia ngr! ngr! ngr! Alikuwa akirusha kokoto juu ya paa, na vibarua wawili wa ghala wakimsaidia kwa furaha kubwa. Midomo ya mwalimu ilikuwa inacheza, lakini sauti hawakuisikia.

"Hiyo ni mvua ya kawaida tu," alisema Mchoraji aliporudi ndani. "Sasa watoto wakae palepale, wasisogee. Ninyi wakubwa, nikipiga makofi, tokeni kama vile kuna moto."

Akapiga makofi.

Wakubwa waliinuka wakicheka. Mwenyekiti ndiye aliyefika mlangoni kwanza. Akavuta. Mlango haukuja. Nyuma yake kulikuwa na Mwalimu Mkuu, Fundi, na wazazi tele, wote wanasukuma. Kadiri walivyosukuma, ndivyo walivyombana Mwenyekiti kwenye mlango wake mwenyewe.

"Rudini nyuma! Mnaniua!" alipiga kelele.

Kicheko kilikatika. Walirudi hatua moja, na mlango ukafunguka. Hapo sauti ndogo ikasikika kutoka gizani.

"Baba, na sisi wa huku nyuma tungetokaje?"

Fundi aligeuka. Alimwona binti yake mwisho kabisa wa chumba, mikono juu ya dawati, akisubiri jibu kwa adabu. Mlango ule aliupachika yeye, kwa mikono yake, na siku ile aliufurahia sana.

Nje, bado alijaribu kujitetea. "Lakini ghala hili halina ufa hata mmoja!"

"Halina," alikubali Mchoraji. "Ni ghala zuri kuliko yote niliyowahi kuona. Magunia yangekuwa na mdomo yangekushukuru. Lakini gunia halisomi ubao, Fundi. Halipumui, wala halikimbii moto."

Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka, tumbo likitikisika. Fundi naye akacheka, ingawa kwa uchungu kidogo. Kisha akavua kofia.

"Basi nionyeshe," alisema. "Bahati nzuri msingi haujachimbwa. Zege likishamwagwa hapana kurudi."

Hapo ndipo shughuli ilipoanza! Walirudi kwenye uwanja wa shule. Mchoraji alitoa kamba na vigingi. Watoto wakaleta chokaa, wakalichora darasa zima chini kwa ukubwa wake wa kweli.

"Jua linachomoza wapi?" aliuliza Mchoraji. Mikono yote ilionyesha. "Vizuri. Kuta fupi zielekee linapochomoza na linapotua, wala zisiwe na madirisha. Hivyo jua kali halitawapiga watoto usoni. Madirisha yakae kwenye kuta ndefu, huku na huku, makubwa na yanayotazamana. Upepo uingie huku, utokee kule."

"Na wezi je?" aliuliza Mwenyekiti. Alikuwa bado na mawazo ya mahindi.

"Weka nondo kwenye madirisha, mzee wangu. Lakini milango iwe miwili, mipana, ya kufungukia nje. Na chini ya bati tuweke dari. Itapunguza joto na kelele za mvua."

"Kuna mtoto anatembelea magongo," alisema mke wa Fundi. "Ngazi hizi mlizochora atapandaje?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

"Tutaweka mteremko mahali pa ngazi," alisema Fundi haraka. "Mlaini, usio mkali. Nitaujenga mimi!"

Mkewe alivuta futi ya ushonaji iliyoning'inia shingoni mwake. Akaanza kuwapima watoto mmoja mmoja, kimo na urefu wa mkono, ili wajue ubao ukae wapi na madawati yawe na kimo gani.

"Mimi sikati kitambaa kabla ya kumpima mvaaji," alisema. "Ninyi mlimpima nani? Mlipima magunia!"

Watu walicheka mbavu zikawauma, na Fundi akaficha uso kwa kofia.

"Ramani peke yake haitoshi," aliendelea Mchoraji. "Ramani inaonyesha jengo litakaaje. Lazima tuandike pia maelezo ya ujenzi. Hayo yanasema jengo litajengwa kwa vitu gani. Bati la unene gani? Saruji, mchanga na kokoto kwa vipimo gani? Mbao ziwe zimekauka? Rangi ipakwe mikono mingapi?"

"Bati zuri nalijua kwa macho," alisema Fundi.

"Unalijua wewe. Muuzaji akikuletea jembamba, utamwonyesha nini?"

Mkewe akamjibia.

"Ni kama mteja anayeniambia, 'Nishonee gauni,' halafu basi. Kitambaa gani? Bitana iwepo? Asiposema, siku ya kuchukua gauni ni ugomvi."

"Mama, umemaliza somo langu," alisema Mchoraji.

Msingi haukuchimbwa kesho yake. Walingoja ramani mpya na maelezo yake, na Fundi alikuwa na hamu hata usingizi ulimpaa. Kazi ilipoanza, lori la kwanza lilileta mchanga uliochanganyika na udongo. Fundi aliuchota, akausugua kiganjani. Kiganja kikachafuka.

"Rudisha," alimwambia dereva, karatasi ya maelezo mkononi. "Hapa pameandikwa mchanga msafi."

Dereva alinung'unika, lakini aliurudisha. Fundi alitembea siku nzima kama bwana harusi.

Siku ya ufunguzi wageni walijaa chini ya turubai. Mwenyekiti alivaa suti, hotuba ndefu mkononi. Darasa la tatu liliingizwa kwenye chumba kipya kwanza, liangalie tu, kisha litoke kusikiliza hotuba.

Kengele ililia. Hakuna aliyetoka.

Ikalia tena. Kimya. Fundi alitumwa kuwaita.

Alisimama mlangoni akapigwa na butwaa. Chumba kilijaa mwanga. Hewa ilipita taratibu, ikichezea karatasi ukutani. Mwalimu alikuwa ameandika hesabu ubaoni, na mikono ilikuwa juu kutoka dawati la kwanza hadi la mwisho. Mtoto wa magongo alikaa katikati ya wenzake, naye mkono juu. Mwisho kabisa alisimama Bi Maswali, akiisoma hesabu yote bila kufinya macho. Alimwona baba yake, akaweka kidole mdomoni.

"Baba, tunasoma!"

Fundi alirudi nyuma kwa kunyata. Machozi yalimtoka, wala hakujali nani anamwona.

"Wanakuja?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hawaji, mzee wangu. Wanasoma."

Mwenyekiti aliitazama hotuba yake. Akaikunja, akaitia mfukoni, akakaa. Na wageni wote wakangoja nje mpaka somo likaisha.