Ukurasa Baada ya Mwisho

Haya yalimkuta rafiki yangu. Kazi yake ni kusoma vitabu vinavyorekodiwa kwa ajili ya wasioona. Asubuhi hiyo ilikuwa hadithi ya wasafiri wa anga za juu waliozimikiwa taa chomboni, wakasahaulika. Taa ya chumba cha kurekodia ilikuwa inavuma, kwa hiyo aliizima kama kawaida, akasoma kwenye simu, peke yake.

“Mwandishi huyu ana roho mbaya,” alimwambia fundi wa sauti alipotoka. “Kawaacha gizani, basi!”

“Dada, mbona karatasi zako zinapiga kelele?”

“Karatasi zipi, kaka? Nimesoma kwenye simu.”

Wakasikiliza rekodi pamoja. Kila aya ilipoisha, ukurasa ulisikika ukifunuliwa. Hadithi ikakoma, kikafuata kimya. Ndani ya kimya kile ukafunuliwa ukurasa mwingine, kisha mtu akavuta pumzi, kama anayetaka kuendelea kusoma.