Tanuri Lililooka Chokaa

Kila asubuhi Adija alijifunga kanga zake mbili, akaenda kuoka mikate. Jiko la akina mama wa ushirika wa mtaa wa Mtanda halikuwa mbali na kwake. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, na Lindi nzima watu walizungumza habari za kujitegemea. Adija na wenzake hawakuzungumza sana. Walikanda unga.

Zamani walioka kwa sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Mikate ilikuwa mizuri, ila michache. Ndipo ushirika ulipoamua kujenga tanuri kubwa. Akina mama walifurahi, lakini furaha yao haikudumu.

Aliyechagua tanuri alikuwa Eusebio, katibu wa ushirika. Eusebio alikuwa hajawahi kukanda unga hata wa chapati moja. Lakini maneno hayakumpiga chenga.

"Tutajenga kwa mawe ya pwani na chokaa, kama nyumba za mjini," alisema. "Na liwe refu, mtu alione tangu barabarani!"

Akina mama wakatumwa kuchota maji ya ujenzi. Hakuna aliyewauliza neno. Hebu fikiri! Wao ndio watakaoungua mikono humo kila siku, na siku ya kuchagua tanuri kazi yao ikawa kubeba ndoo.

Tanuri likajengwa. Kwa macho lilipendeza. Kwa mikate lilikuwa balaa. Paa lilikuwa juu mno, na joto lote lilikimbilia huko. Mikate iliungua chini ikabaki mibichi juu. Kuni zilikwisha upesi, na kuta zilianza kumomonyoka ndani.

Siku moja Abilahi, mume wa Adija, alirudi kutoka kazini bandarini. Akamega mkate, akatafuna. Mara akautema.

"Mama Kijakazi, mnaoka mikate au mnapaka nyumba?" aliuliza, akimwita mkewe kwa jina la binti yao.

Adija akacheka. Kisha akamwona mumewe ameshika mdomo.

"Ulimi unaniwaka," Abilahi alisema.

Adija akampa maji mengi asukutue. Akaupasua ule mkate. Ndani yake mlikuwa na chembe nyeupe. Hapo kicheko kikamwisha. Mtu amempa mumewe chakula kwa mkono wake, na chakula kimemuunguza!

Wateja wengine nao walianza kurudisha mikate. Ushirika ukaitisha mkutano, na Eusebio akasimama mbele ya watu.

"Mikate ina mchanga," alisema. "Akina mama hawachekechi unga. Ni uvivu tu! Mimi naona jiko lifungwe. Chumba kile tutawekea korosho."

Uvivu! Adija alisikia damu inamchemka. Jiko lile ndilo lililowasomesha watoto wake na wa wenzake. Alisimama bila kuitwa.

"Ndugu Katibu, unga nauchekecha mara mbili. Njoo jikoni uone."

"Kaa chini, mama. Mambo ya ujenzi huyajui."

Adija alikaa. Mzee Likwata, mwenyekiti, akaona mambo yanaharibika.

"Tusifunge leo," alisema. "Kwanza Bibi Maendeleo aje alitazame tanuri. Akisema kosa ni la waokaji, tutafunga."

Bibi Maendeleo aliitwa Theresia. Kwao ni Newala, na kazi yake ilikuwa kufundisha vikundi vya akina mama. Alikuja keshoye, wakati tanuri limepoa.

"Shikamoo, mama," alimwambia Adija.

"Marahaba, mwanangu. Ingia uone tunavyoonewa."

Theresia aliinama akaingiza mkono ndani ya tanuri. Akakwangua sakafu pale moto unapowashwa. Vipande vyeupe vikabanduka.

"Mama, haya mawe mmeyatoa wapi?"

"Ya pwani. Wameyaleta kutoka Rasbura."

"Na chokaa ya kujengea nyumba hapa kwenu, inatengenezwaje?"

"Ah, hilo kila mtu analijua. Wanachukua mawe ya pwani, wanayachoma kwa moto mkali, halafu..."

Adija akageuka. Alilitazama tanuri. Alivitazama vipande vile vyeupe.

"Toba!" alisema. "Tumejenga kwa mawe ya chokaa, kisha tunayachoma kila siku! Chokaa inaingia kwenye mikate!"

"Ndiyo, mama. Na chokaa ambayo haijazimwa kwa maji huunguza kinywa na tumbo. Msioke tena humu, hata mkate mmoja."

Watu wote wa pwani ile wanajua chokaa inavyochomwa. Eusebio naye alijua. Lakini akili yake siku ile ilikuwa kwenye uzuri wa tanuri, si kwenye moto. Na wale ambao wangemkumbusha walikuwa kisimani wanachota maji.

Mkutano ukaitishwa tena. Adija alikuja na bakuli la maji, na kipande cheupe amekishika kwa kitambaa. Aliweka bakuli mezani, mbele ya Eusebio.

"Ndugu Katibu, sogea nyuma kidogo."

Akatumbukiza kipande. Kwa muda kilitulia. Kisha maji yakaanza kutokota na mvuke ukapanda.

"Haya niambie," Adija alisema. "Huu ndio mchanga wa unga wangu? Umewahi kuona mchanga unaochemsha maji? Umetuita wavivu mbele ya watu. Sisi tulipewa tanuri bovu, na matusi juu yake!"

Watu walipiga kelele. Eusebio akajipangusa jasho.

"Basi tuagize la umeme kutoka Dar es Salaam," alisema. "Yapo mazuri, yanang'aa."

"Mtanda kuna nyaya za umeme?" aliuliza Adija.

"Basi la mafuta ya taa."

"Meli ikichelewa, hata taa zetu hukosa mafuta. Tutaokea nini, mate?"

Mzee Likwata akamwomba Theresia aeleze.

"Tanuri halichaguliwi kwa kung'aa," Theresia alisema. "Ulizeni kwanza: tunaoka nini, na kiasi gani kwa mara moja? Moto wetu ni wa kitu gani, na kinapatikana kila siku? Likiharibika, nani wa hapa ataweza kulitengeneza? Ninyi mna matawi makavu ya mikorosho na vifuu vya nazi. Basi tanuri lenu ni la kuni. Jengeni kwa matofali ya udongo yaliyochomwa, na yaunganishwe kwa udongo wa kichuguu, si kwa chokaa. Kuta ziwe nene zitunze joto. Paa liwe chini, la mviringo, joto lirudi juu ya mkate. Na mlango uwe mfupi kuliko paa, joto lisitoroke."

"Na ukubwa?" aliuliza Mzee Likwata.

"Hilo waulizeni waokaji."

Wakajibu. Safari hii akina mama ndio waliochora duara chini kwa kijiti, na wanaume wakachota maji. Eusebio alibeba udongo wa kichuguu mpaka shati lake likabadilika rangi. Tanuri lilipokauka vizuri, Adija aliwasha moto ndani, akasubiri matofali yashike joto. Akaondoa makaa, akapangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji kilichofungwa kwenye fimbo ndefu. Kisha akarusha unga kidogo sakafuni. Ukiungua mara moja, joto limezidi. Ukigeuka kahawia polepole, tayari.

Mikate ilitoka imeiva juu na chini. Kuni zilizotumika hazikufika nusu ya zile za zamani. Wateja walirudi, na habari za kuweka korosho jikoni hazikusikika tena.

Miezi ikapita. Ushirika ukataka kununua mashine ya kusaga. Asubuhi moja Eusebio alisimama mlangoni pa jiko, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama Kijakazi. Nimekuja kuwauliza kuhusu hiyo mashine. Mnataka ya namna gani?"

Adija hakugeuka. Alikuwa anaingiza mikate.

"Marahaba. Vua viatu, unawe mikono, uje ukande," alisema. "Utaulizia ukiwa unafanya kazi."