Kiti cha Kumwinua Baba

Baba alikuwa fundi cherehani. Tangu alipoanguka kutoka kwenye ngazi, miguu yake haikuwa na nguvu tena. Lakini mikono ilikuwa ile ile, na wateja hawakumwacha. "Kifungo hakishonwi kwa mguu," alikuwa akiwaambia.

Kila asubuhi mama alimbeba kutoka kitandani hadi kwenye cherehani. Mgongo ulimuuma, akaficha. Binti yao aliona. Majirani walimwita Waya, kwa kupenda kwake mambo ya umeme.

Waya akatengeneza kiti cha mikanda. Kilining'inia kwenye reli ya chuma iliyotoka kitandani hadi kwenye cherehani. Mota ya betri ilivuta kamba; akishainuliwa, baba angejivuta kwenye reli kwa mikono. Chipu, yaani kompyuta ndogo kama ukucha, iliiamuru mota ipandishe, ishushe au isimame.

Siku ya kwanza, baba alipanda vizuri. Nusu ya njia mkanda ulimbana kwapani. Akabonyeza kitufe cha kusimama. Mota ikasimama. Akabonyeza cha kushusha. Kimya. Cha kupandisha. Kimya. Chipu ilikuwa imeganda.

Baba alining'inia kama nguo iliyoanikwa. Waya akapiga kelele. Majirani wakaja, wakamfungua, wakamlaza. Hakuumia, lakini aligeukia ukutani.

"Nilidhani nimemaliza kubebwa," alisema. "Kiondoeni kitu hicho."

Kati ya majirani hao alikuwamo mwanamke mmoja, fundi wa lifti za majengo. Jioni alirudi.

"Shikamoo, mama," Waya alisema. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nikione hicho kiti."

"Programu nimeikagua yote. Haina kosa."

"Huenda kosa haliko huko. Umewahi kufunga bomba la maji ghafla, likagonga ukutani?"

"Ndiyo."

"Maji yanayokimbia ukiyazuia ghafla, yanapiga. Umeme ndani ya koili, yaani waya iliyozungushwa mara nyingi, ni hivyo hivyo. Mota ina koili. Rilei, hii swichi inayolia tak, nayo ina koili. Ukikata umeme ghafla, koili inarusha pigo la volti nyingi. Pigo linapita kwenye waya hadi kwenye chipu, nayo inachanganyikiwa."

Waya alishika kichwa. "Na mimi nimezifunga waya zote pamoja, zipendeze!"

"Zimependeza kweli. Lakini mbwa mkali na kuku hawalali banda moja."

Wakaanza kazi. Kwenye koili ya rilei waliweka dayodi, kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ule upande wake wenye mstari ukiwa kwenye ncha chanya.

"Hii ni njia ya kurudia," fundi alieleza. "Umeme wa koili unazunguka humu mpaka uishe. Ukiigeuza, utaunguza vitu."

"Kwenye mota je?"

"Mota yako inazunguka pande zote mbili, kwa hiyo dayodi moja haifai. Unganisha kapasita na rezista zifuatane, uziweke kwenye ncha mbili za mota. Kapasita inameza pigo, rezista inalipunguza nguvu."

Waya za mota wakazisokota pamoja, wakazipitisha mbali na waya za vitufe. Chipu ikapewa waya zake peke yake kutoka kwenye betri, na kapasita ndogo karibu yake kabisa.

"Bado jambo moja," fundi alisema. "Usimkabidhi mtu kwa chipu peke yake."

Akafunga swichi kubwa nyekundu ya kukata umeme wa mota moja kwa moja, mahali baba angeifikia. Akaongeza mpini wa kushushia kiti kwa mkono.

Kisha wakapakia gunia la mchanga lenye uzito wa baba. Likapanda, likasimama, likashuka, tena na tena, hadi mama akasema gunia limeruka kuliko ndege. Chipu haikuganda.

Baba alikuwa akitazama tu. Mwishowe akasema, "Lishusheni hilo gunia."

"Baba, si lazima leo."

"Najua, mwanangu."

Wakamfunga mikanda. Nusu ya njia, alibonyeza kitufe cha kusimama mwenyewe. Tak! Mama alishika mpini. Baba akabonyeza cha kupandisha.

Kamba ikavuta.

Asubuhi iliyofuata mama aliamka, akakuta kitanda cha baba ni kitupu. Akashtuka. Halafu, kutoka upande wa pili wa chumba, akasikia cherehani ikilia.