Tumbo Langu Lile Lingine

"Kula, Wahu! Kula sasa hivi, ama leo narudi Lodwar bila wewe!"

Huyo ni Lokol, mume wangu, ingawa wazee wake walikuwa bado hawajaikubali ndoa yetu. Ananinong'oneza huku anatabasamu, ili wazee wasijue tunagombana.

Mkononi ana kipande cha mbuzi, mafuta yanadondoka hadi kwenye kiwiko. Mbele yetu wazee tisa wamekaa kwenye viti vyao vidogo, wote wananitazama mdomo.

Nikimeza, naweza kufa.

Nisipomeza, ndoa imekufa.

Na Lokol hakujua kwamba nikimeza naweza kufa... kwa sababu nilikuwa nimemdanganya!

Wasomaji wangu, wekeni hizo sahani chini kidogo niwasimulie.

Ilikuwa Agosti 2013. Mimi ni wa Murang'a, karani wa serikali pale Lodwar, mwaka wangu wa nne. Nilikuwa na kilo mia na ishirini na moja. Magoti yalinitesa kwenye ngazi tatu tu za ofisi, na sukari ilishaanza kupanda. Daktari wa Nairobi akasema njia iliyobaki ni kupunguza tumbo. Wanakata sehemu kubwa, wanashona inayobaki, unabaki na kitu cha ukubwa wa ndizi.

Nikakubali!

Lokol nikamwambia naenda semina Naivasha, siku kumi.

Mnauliza kwa nini nilidanganya? Tulieni. Lokol ni mwalimu, Mturkana wa Kakuma. Miaka miwili kabla ya hapo kiangazi kilimaliza mbuzi wa mama yake, wakabaki wanne. Sasa mtu huyo ningemwambiaje kwamba nimelala kwenye meza nikatwe ili nisiweze kula? Mdomo ulikataa.

Basi nikarudi nyumbani kwetu Nawoitorong, hapo hapo Lodwar, karatasi ya hospitali nimeificha ndani ya Biblia. Wiki ya kwanza, maji na supu ya kuchujwa. Ya pili, maziwa na uji mwepesi. Ya tatu na ya nne, vilivyopondwa tu: samaki wa kuchemsha, yai, maharagwe laini. Nyama ngumu, chapati, soda, sahau kabisa! Kipande kigumu kikikwama, mshono unaweza kuachia, na chakula kimwagike ndani ya mwili.

Na maji? Funda dogo, unangoja. Funda dogo, unangoja. Lodwar hiyo, watu wangu! Joto limekukaba koo, jagi liko mbele yako, na huruhusiwi kugugumia.

Nikawa nakula jikoni mlango nimeufunga. Vijiko vinne, basi.

Nguo zikaanza kunipwaya. Ofisini wakaanza: "Wahu ana ule ugonjwa." Maneno yakamfikia Lokol hadi shuleni.

"Semina gani inakondesha mtu hivi?"

"Ni joto tu."

"Umekaa hapa miaka nne, joto imekuanza leo?"

Nikainuka niende jikoni.

"Sawa. Jumamosi tunaenda kwa mama. Wazee wamesikia hizo maneno. Wanataka kukuona ukikula, ndio wakubali hii ndoa."

Jumamosi hiyo ilikuwa siku yangu ya ishirini na mbili tangu kisu.

Nikapanga ujanja. Nikachemsha samaki wa ziwani, wa kule Kerio, nikamponda hadi akawa majimaji, nikamtia kwenye flaski. Nitakunywa pole pole, nikasema, nyama nitawasukumia wengine.

Kumbe!

Tulipofika tu Kakuma, mama yake Lokol, Mama Asekon, akaiona flaski kabla ya kuniona mimi.

"Ejok! Karibu! Umetuletea supu?"

Ningesema nini? Mgeni hafiki na chakula chake akakificha. Mama akampa jirani yake Akiru, bikizee asiye na jino hata moja. Akiru akanywa yote, akalamba na kifuniko, akanibariki.

Hapo nikajua nimeisha.

Mbuzi akachinjwa. Mzee Lomenen akayafungua matumbo yake na kuyasoma, kama wanavyofanya ili wajue yanayokuja. Akayageuza. Akakuna kichwa. Mimi nikajikuta nimeshika tumbo langu kwa mikono miwili!

"Sioni kitu mbaya," akasema. "Mpeni akule."

Na ndipo Lokol akaninyooshea kile kipande.

Nikafungua mdomo, nikakitia. Nikatafuna... nikatafuna... nikatafuna hadi taya zikauma. Nikajifanya nakohoa, nikakitema kwenye leso, nikaikunja haraka. Nikapiga funda moja dogo la maji.

Nikainua macho.

Mama Asekon alikuwa ananitazama.

Akasimama. Akamnyang'anya Mzee Lomenen fimbo yake. Akaja moja kwa moja hadi nilipokaa, akainua fimbo...

Pwaa!

Mgongoni mwa Lokol!

"Umenyima mtoto ya watu chakula!"

"Mama! Mimi?! Si umuangalie alivyo mnono!"

"Nani amekuambia mnono hasikii njaa? Angalia shingo, ngozi inaning'inia! Mimi nilikuwa kwa ile njaa kubwa, wewe hujazaliwa. Najua mtu ya njaa. Anakunywa kidogo, anangoja. Nyama haishuki. Nyama inamuua! Siku ile chakula ililetwa, niliona watu wakikula mara moja. Walilala, hawakuamka."

Wazee wakaanza kuongea wote pamoja. Mzee Lomenen akamnyooshea Lokol kidole.

"Mwanaume ya kunyima bibi chakula, hatumpatii bibi. Na mimi sikai na yeye kwa nyama tena."

Msichukulie hilo kirahisi. Kwao, mwanaume akifukuzwa kwenye nyama ya wazee, anazeeka na hiyo aibu.

Mama akanigeukia, sauti imelainika. "Sema, binti yangu. Alikunyima?"

Jamani... mlango ulikuwa wazi! Niitikie kwa kichwa tu. Ningepewa maziwa, ningepona, na siri yangu ibaki ndani ya Biblia. Nikamtazama Lokol. Hakuwa hata anajitetea. Alikuwa amekunja uso, anajaribu kukumbuka ni lini aliwahi kuninyima.

Nikashindwa.

"Hakuninyima, Mama. Nilikatwa tumbo. Nairobi. Ili nisiwe nakula sana."

"Nani alikushika?"

"Hakuna. Nilienda mwenyewe."

Lokol akawatafsiria wazee wasiojua Kiswahili vizuri. 

"Na ile kipande walikata," Mama akauliza, "walipeleka wapi?"

"Walitupa, Mama."

Akakaa chini, hapo hapo mchangani.

"Mwaka ya ile njaa nilizika watoto wawili. Tumbo yao ilikuwa mzima. Ilikosa tu kitu ya kuweka ndani."

Nililia, sitawaficha. Lokol akaondoka akielekea upande wa mto Tarach, hakugeuka. Mama akainuka, akaingia ndani ya kibanda chake. Nikaanza kutafuta viatu vyangu, maana sikungoja kufukuzwa.

Akatoka na kibuyu. Supu ya mbuzi yule yule, ameyaengua mafuta yote, ameichuja kwa kitambaa.

"Kunywa. Kidogo. Ngoja. Kidogo tena."

"Mama... hujanikasirikia?"

"Nimekasirika sana. Kunywa."

Nilikaa kwake wiki tatu. Supu, maziwa ya ngamia, maharagwe aliyoyaponda kwa mkono wake. Siku moja nikaitoa karatasi ya hospitali ndani ya Biblia, maana nilisafiri nayo, nikamsomea yote, wiki kwa wiki. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hiyo yote najua! Mimi nilidhani ni kitu mpya."

Lokol alirudi Jumamosi ya tatu, samaki wa Kerio amefungwa kwenye gazeti.

"Ungeniambia tu magoti inakuuma."

"Niliogopa."

"Na mimi nilikuwa nalala nikiwaza nitakuzika."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko kisu.

Sasa nisikieni. Kama umekatwa, ama unapanga, fuata karatasi ya daktari kijiko kwa kijiko. Ila mwambie mtu unayekula naye! Mimi nilifunga mlango wa jikoni nikadhani najilinda, kumbe nilijifungia ndani na kifo, nikamfungia nje mtu ambaye angenipondea samaki.

Wazee walikubali ndoa. Lakini Mama Asekon hajasahau. Hadi leo nikienda Kakuma ananipakulia sahani imejaa pomoni, makusudi. Nakula vijiko vyangu sita, nashiba. Anaitazama iliyobaki, ananitazama mimi, kisha anapaza sauti kwa jirani:

"Akiru! Kuja ukule! Tumbo ya Wahu ile walitupa ni wewe!"

Na Akiru anakuja, bakuli mkononi, bila jino hata moja. Anamaliza yote, halafu ananibariki.