Chini ya Jiko la Pelagia

Asubuhi hiyo Pelagia aliinjika sufuria, maji yakajaa upande mmoja. Akapanga upya mafiga. Yakajaa upande uleule.

Nyumba yao ilikuwa Butiama, juu ya mgodi wa dhahabu uliofungwa zamani. Mumewe, Keraryo, alifanyaga kazi humo ujanani, na alijua kwamba mashimo yamepita chini ya shamba lote. Ofisi ya madini ilimwambia ramani za mgodi zimepotea. Kuhama nako kulitaka bati, na mwaka ule wa themanini na nne hata sabuni ilikuwa ya kutafutwa.

Wiki ya pili ikaja harufu: udongo mbichi na moshi wa taa za wachimbaji. Kisha nyundo, mchana kweupe, chini ya jiko, zikinyamaza kila Pelagia alipokanyaga karibu, zikianza tena alipogeuka, mpaka akawa anapika mguu mmoja ukiwa nje ya mlango. Binti yao Justina, wa miaka sita, akakataa kula chochote kilichopikwa humo.

Keraryo alikuwa mzee wa kanisa. Alimeza aibu, akamleta Robi, mama mganga kutoka Bunda. Robi akapiga magoti, akaweka sikio sakafuni, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Ubani wake hakuufungua.

“Jini likiingia nyumba ya mtu ninalifukuzaga,” alisema kwa sauti ya chini. “Hili liko kwake. Ninyi ndio mmeingia. Ondokeni, msirudi.”

Mchana uleule wakahamia kwa jirani. Siku ya tatu Keraryo akarudi kung'oa bati, maana bila bati wangeezeka nini? Alikuwa juu ya paa nyumba ilipoanza kushuka naye ardhini, polepole, bila kishindo, kama mzee anayejikalisha.

Wanaume walichimba kwa majembe, na kila walipochimba udongo ulimiminika ukajaza pale walipotoa, huku Keraryo akiita kutoka chini, kila mara mbali zaidi, mpaka wakasimama na majembe mikononi wakitazamana. Alasiri akanyamaza. Kisha akasema, karibu kabisa, kana kwamba yuko chini ya nyayo zao:

“Pelagia, mlete mtoto. Huku kumetulia.”

Sauti ilikuwa ya Keraryo, ila haikuwa na pumzi.

Wanaume wakatupa majembe. Pelagia akamziba Justina masikio kwa viganja viwili, akaanza kurudi nyuma naye, hatua moja, nyingine, asijue ardhi ngumu inaanzia wapi.