Maharage ya Kuku

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, mwenye duka alipepeta na kuchambua maharage. Mazima aliyarudisha kwenye gunia. Yaliyovunjika aliyachemsha, akawamwagia kuku uani. Kuku wake walinenepa hadi wakawa wavivu wa kukimbia.

Dada yake alipanga chumba ng'ambo ya barabara. Alikuwa mfua nguo, na mwaka huo kazi ilikuwa haba. Jioni alikuja na bakuli tupu. Kaka yake alimjazia unga mweupe, ule laini kuliko wote dukani.

"Uji wa mwanao huo," alisema. "Mimi nikiwepo, hatalala njaa."

Miezi ikapita hivyo. Mtoto, msichana wa miaka miwili, akajaa mashavu na miguu. Mjomba wake akampa jina la Kibonge.

"Kibonge wa mjomba, unga umekukubali."

Kibonge hakucheka. Nywele zake zilikuwa zimepungua na kugeuka rangi ya kutu. Alikaa kizingitini kutwa nzima, hachezi, halii. Majirani walisema ana adabu.

Siku moja mhudumu wa afya wa mtaa alikuja dukani kununua sabuni. Alimkuta mama amempakata mtoto. Akachuchumaa, akaubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, kisha akaachia. Shimo likabaki pale pale.

"Anakula nini?" akauliza.

"Uji," mama akajibu. "Na anashiba. Kaka hunipa unga."

"Na maharage je? Karanga? Yai?"

Mama akamtazama kaka yake. Kaka akatazama mizani.

"Huu si unene, dada yangu. Ni uvimbe," mhudumu akasema. "Tumbo limejaa, lakini mwili una njaa. Unga peke yake haujengi mwili. Mpeleke hospitali sasa hivi. Mtoto akishafikia hali hii, chakula cha nyumbani pekee hakitoshi."

"Maharage ninayo," mwenye duka akasema polepole. "Yaliyovunjika. Nawapa kuku."

"Kwa nini hukumpa dada yako?"

"Nimpe ndugu yangu mabaki? Watu wangenionaje?"

Mhudumu hakumkemea. "Likivunjika bado ni harage. Yenye ukungu tupa, hata kuku usiwape. Mengine ni chakula."

Mtoto alilazwa. Uvimbe ulipoisha, ikabaki mifupa. Mama akalia, akidhani ndio mwisho.

"Sasa ndipo unamwona alivyo," muuguzi akamwambia. "Tutaanzia hapa."

Mtoto wa kitanda cha jirani alikuwa amecheleweshwa zaidi kuletwa hospitali. Asubuhi moja mwenye duka alipoleta nguo safi, alikuta kitanda kile kimetandikwa upya. Hakuuliza. Alirudi dukani kwa miguu, nguo chafu mkononi, akapita mlango wake bila kuuona, ikabidi arudi nyuma.

Kesho yake aliyachambua maharage yaliyovunjika, akayafunga kwenye vifuko vidogo na kuyauza kwa bei ya chini. Hakuyaficha. Aliyapanga mbele, ubavuni mwa unga. Kila aliyenunua unga, mwenye duka alimwambia, "Wa mtoto? Basi usiupike peke yake."

"Leo unatulisha chakula cha kuku?" fundi viatu akamtania.

"Ndiyo. Kuku wangu wamekuzidi afya."

Fundi akacheka, akachukua vifuko viwili. Kufikia jioni meza ilikuwa tupu.

Mtoto alirudi nyumbani mwembamba, mguu ukibonyezwa hauachi tena shimo. Mama alichemsha maharage hadi yakalainika, akayaponda, akamlisha pamoja na ugali laini. Siku yai lilipopatikana, alimpa yai. Hakuna aliyemwita Kibonge tena.

Asubuhi moja kelele zilisikika kutoka ng'ambo ya barabara. Mtoto alikuwa amenyang'anywa kijiko, naye alilia kwa hasira, kilio cha kuamsha mtaa.

"Huyo mtoto hana adabu," mteja akasema.

Mwenye duka aliacha kupima, akasimama akisikiliza. Uani kuku walikuwa wanadonoa mlango.

"Mwache alie," akasema.