Mwezi Nilioutangaza Bila Kuuona

Kila Alhamisi tukitoka shule, mimi na Sarrah hupitia dukani kwa baba yake, hapa Kilindoni karibu na soko. Tunamwamkia, "Shikamoo, Baba Sarrah," naye huitika, "Marahaba, watangazaji wangu." Kisha anatupa simu yake na kutuonya tusimalize chaji. Tunaingia stoo, tunafunga mlango na kukaa katikati ya majora ya vitambaa, kwa sababu vitambaa humeza mwangwi. Hapo ndipo tunaporekodi podikasti yetu, Ajabu za Alhamisi.

Mimi ni Warda, niko darasa la sita, na kusema kweli mdomo wangu haujui kupumzika. Sarrah husoma na kuandika, mimi husimulia. Tumeshasimulia vigae vya Kichina vinavyookotwa kwenye magofu ya Kua kule kisiwa cha Juani, safina ya Nabii Nuhu, na sayari Zuhura, ambayo siku yake moja ni ndefu kuliko mwaka wake. Tukimaliza, tunatuma kwenye kundi la wasapu la wazazi. Wazazi wakawatumia jamaa zao, na hao wakawatumia wengine, mpaka tukapata wasikilizaji wa Tanga na Mtwara. Mimi kichwa kikavimba.

Ramadhani iliyopita tukapata bahati kubwa. Bi Mwanasiti, mtangazaji wa redio moja ya Dar es Salaam, alitupigia simu. "Tengenezeni kipindi cha mwezi mwandamo," alisema. "Kikiwa kizuri, nitakirusha asubuhi ya Idi, nchi nzima iwasikie." Niliruka hadi nikagonga kichwa kwenye rafu.

Tulikuwa na la kusimulia. Mwezi huchukua siku ishirini na tisa na nusu hivi kutoka mwandamo hadi mwandamo, ndiyo maana mwezi wa Kiislamu huwa na siku ishirini na tisa au thelathini. Kwa kina Sarrah, ambao ni Mabohora, tarehe hufuata hesabu ya tangu zamani, na Ramadhani yao ni siku thelathini daima. Kwetu sisi, mwezi hutafutwa kwa macho. Kwa hiyo mwaka ule Sarrah alianza kufunga siku moja kabla yangu, na sisi tulipofika mwezi ishirini na tisa, yeye Idi yake ilikuwa kesho. Kilichobaki kwenye kipindi ni sauti ya pwani, pale watu wanapouona mwezi.

Tatizo lilikuwa upepo. Ukirekodi pwani, simu hukoroma tu. Basi mchana ule, ndani ya stoo, nikajaribu mwenyewe. Nikapaza sauti: "Huoo! Huo pale! Mwezi umeandama! Babu Kombo kauona, na mimi nimeuona!"

Babu Kombo ni mvuvi mzee ambaye kila mwaka huwa wa kwanza kuuona. Mji mzima huyaamini macho yake. Sauti ilitoka nzuri mno, hata Sarrah akasisimka. "Lakini hii ni ya mazoezi tu," alisema.

"Ya mazoezi tu," nikaitikia.

Jioni tukashuka pwani. Lo! Upande wa magharibi kulikuwa na wingu zito, jeusi, limekaa juu ya bahari na halina haraka. Babu Kombo mwenyewe hakuwepo. Alikwenda kisiwa cha Bwejuu tangu asubuhi. Watu wakatazama, wakachoka, wakaenda kufuturu. Kwenye simu ujumbe ulikuwa unamiminika: "Vipi, watoto? Mbona kimya? Tunasubiri sauti yenu!"

"Warda, hatujauona," Sarrah alisema.

"Upo nyuma ya wingu. Utakwenda wapi?"

"Hatujauona," alirudia.

Nilimsikia vizuri kabisa. Kidole changu hiki ndicho kilichotuma ile sauti ya stoo kwenye kundi la wazazi.

Nilifika nyumbani, nikachukua tende. Kabla sijaimaliza, vigelegele vikapasuka nyumba ya tatu, kisha ya pili, kisha kwetu. Mama yangu, Somoe, aliingia mbio. "Mwanangu kauona mwezi! Yeye na Kombo! Haya, lete mbuzi nikune nazi, kesho Idi!" Nje watoto waliimba jina langu. Jogoo wetu alikuwa ameshakamatwa.

Nikairudisha tende sahanini. Nilitaka kutangaza mwezi kwenye podikasti. Sikuwaza kwamba watu wangeacha kufunga kwa neno langu. Kesho huenda ilikuwa bado Ramadhani, na mji mzima ungekula mchana kwa sababu ya Warda na majora yake. Mbaya zaidi, waliamini kwa sababu nilimtaja mzee wa watu ambaye hakuwepo hata kuniumbua.

Hodi ikapigwa. Alikuwa kijana kutoka msikitini. "Maalim Muhidini anamwita Warda. Babu Kombo hapatikani kwenye simu, na Maalim anataka kusikia mwenyewe kabla hajatangaza."

Mama akanifunga mtandio vizuri, anatabasamu. Nikamwambia, "Mama, sikuuona."

Tabasamu likamtoka. Alinitazama, akamtazama jogoo, akakaa juu ya mbuzi ya nazi. Nilidhani atanipiga. "Nenda ukaseme hivyohivyo," alisema. "Nami nakuja nyuma yako."

Nje nilimkuta Sarrah. Aliacha futari yake ya mwisho akanifuata. Hakusema, "Nilikwambia." Alinishika mkono tu, tukaenda.

Msikiti ulijaa hadi barazani. Nilipofika mlangoni watu walipisha njia wakinipongeza, "Mashallah, macho makali hayo!" Maalim Muhidini alishika kipaza sauti, lakini alikuwa hajakiwasha.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Tumeamrishwa kufunga kwa kuuona mwezi na kufungua kwa kuuona. Niambie bila woga. Umeuona?"

Watu wote wale walitaka jibu moja. Nikikubali, mimi shujaa, na asubuhi redioni nchi nzima. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Sijauona," nikasema. "Babu Kombo naye hakuuona, yuko Bwejuu. Ile sauti nilirekodi mchana, stoo. Mlisikia uongo wangu. Nisameheni."

Ikazuka minong'ono, tena mingine mikali. Mtu mmoja alisema mtoto huyu achapwe. Maalim aliinua mkono, akawasha kipaza sauti. "Mwezi haujathibiti. Tunasubiri taarifa." Baada ya muda taarifa ikaja kutoka Dar es Salaam kwamba haukuonekana popote. Kesho ilikuwa siku ya thelathini, ya kufunga.

Nilimpigia Bi Mwanasiti huku machozi yananitoka, nikamweleza yote. "Kile cha uongo sikirushi ng'o," alisema. "Lakini hiki ulichonisimulia sasa hivi, kirekodi hivyohivyo. Nikipate kesho kabla ya saa mbili usiku."

Kesho yake Sarrah alivaa nguo zake za Idi, nami nikafunga huku watoto wakinizomea, "Mwezi wa stoo!" Jioni tulimkuta Babu Kombo pwani, amerudi. Nilimwomba radhi, nimeinamisha kichwa. Aliguna. "Jina langu nimelijenga miaka sitini, wewe ukalitumia kwa dakika moja. Usirudie. Haya, tazama juu ya ule mlingoti."

Nikautazama. Mwembamba, mweupe, umelala kidogo. Nikapiga ukelele wa kweli, na upepo ukakoroma ndani ya simu, nasi tukautuma hivyohivyo, pamoja na kisa changu cha stoo.

Asubuhi ya Idi kila redio ya Kilindoni ilikuwa wazi. Nilisikika nchi nzima nikisema, "Sijauona," kisha nikipiga ukelele kwamba nimeuona. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, na wale walionizomea wakaja kula pilau kwetu, tena sahani mbilimbili. Bi Mwanasiti akatupa nafasi kila mwezi.

Tulipoutafuta mwezi wa Mfungo Tatu, ule wa Idi ya kuchinja, Maalim alinituma niende pwani pamoja na wakubwa. Nikarudi mbio msikitini, watu walikokuwa wakisubiri. "Sijauona, Maalim."

Mtu mmoja akauliza, "Maalim, huyu si ndiye yule wa stoo? Tutamwamini vipi?"

"Ndiye," Maalim alijibu. "Uongo wake ulikuwa wa siku moja, na aliubomoa mwenyewe. Kosa si mwisho wa mtu. Kulificha ndiko kunakommaliza. Huyu alisema 'sijauona' siku ambayo mji mzima ulitaka aseme ameuona. Neno lake nalichukua."

Watu wakakunja mikeka yao, wakaenda nyumbani.